Marlene Dietrich na Taa Iliyomchonga Uso

Kazi yangu ni kupanga taa za filamu, na kila ninapompokea mwanafunzi mpya humwonyesha kwanza uso wa mwigizaji Marlene Dietrich katika filamu ya Shanghai Express ya mwaka 1932. Taa kuu imewekwa juu, mbele ya uso wake moja kwa moja, hata chini ya pua pakajitokeza kivuli kidogo mithili ya kipepeo, mashavu yakaonekana yamebonyea na kope zikatupa kivuli chake kwenye ngozi. Ukiisogeza taa hiyo pembeni, uso uleule unakuwa wa mtu unayeweza kumpita njiani bila kugeuka.

Dietrich alizaliwa Berlin tarehe 27 Desemba 1901, akajifunza fidla kabla ya kuingia katika maigizo. Aliyempa umaarufu wa dunia ni Josef von Sternberg, mwongozaji mzaliwa wa Vienna, aliyemchagua kwa filamu ya Der blaue Engel iliyotoka mwaka 1930. Baada ya hapo walifanya pamoja filamu sita Hollywood kwa kampuni ya Paramount, hadi mwaka 1935. Tuzo ya Oscar ya upigaji picha wa Shanghai Express alipewa Lee Garmes, ingawa Sternberg mwenyewe hakuwa mtu wa kuwaachia wengine suala la mwanga: kati ya kamera na mwigizaji alipenda kuweka moshi, shela na manyoya, ili nuru imfikie mtazamaji ikiwa imechujwa.

Husemwa sana kwamba Sternberg ndiye aliyemuumba Dietrich. Mimi sikubaliani na kauli hiyo, kwa sababu inamfanya mwanamke huyo kuwa udongo tu mikononi mwa mfinyanzi, ilhali alikuwa akisoma kila taa iliyoelekezwa kwake. Hata walipoachana kikazi aliendelea kutaka kioo kikubwa kando ya kamera ajikague, na aliweza kumweleza fundi ni taa ipi iliyokaa vibaya. (Kwa kweli, mwigizaji wa namna hiyo hutuchosha mafundi, lakini mara nyingi huwa na haki.)

Aliwakatalia Wanazi waliotaka arudi kuigiza Ujerumani, akachukua uraia wa Marekani mwaka 1939, kisha mwaka 1944 akaenda kuwatumbuiza wanajeshi wa nchi zilizopigana na Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia huko Afrika Kaskazini na Italia, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumpangia mwanga wowote. Marekani ilimtunuku Nishani ya Uhuru mwaka 1947. Lakini alipokwenda kuimba Ujerumani mwaka 1960, wapo waliompokea kwa zomeazomea, wakimwona msaliti.

Mwaka 1975 alianguka jukwaani mjini Sydney akavunjika paja, na baadaye akajifungia katika nyumba yake ya Paris, alikofariki tarehe 6 Mei 1992. Maximilian Schell alipotengeneza filamu kuhusu maisha yake, iliyotoka mwaka 1984, Dietrich alikubali kurekodiwa sauti lakini akakataa katakata kupigwa picha. Wengine waliona ni majivuno ya uzeeni. Mimi nasikia humo mtu wa fani yangu: alijua kuliko yeyote kile ambacho taa inaweza kuficha na kile isichoweza, na taa hizo hazikuwa tena mikononi mwake. Ndiyo maana katika filamu hiyo tunamsikia bibi kizee akigombana na mwongozaji, huku machoni petu akiwa bado ni yule wa mwaka 1932.