Kamera isiyo na kioo na kamera ya supazumu: tofauti iko wapi hasa

Kamera ya supazumu nayo haina kioo. Naanzia hapo kwa sababu ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Ukisimama mbele ya kabati la kamera pale Kariakoo, muuzaji atakuwekea upande mmoja "mirolesi", yaani kamera isiyo na kioo, na upande wa pili supazumu ndogo inayovuta mara 40 au mara 83. Utadhani unachagua kati ya yenye kioo na isiyo nacho, kumbe zote mbili hazina. Jina la kwanza linataja kitu kilichoondolewa, la pili linataja kazi ya lenzi. Ni kama mtu akuulize lipi bora, gari la otomatiki au gari la siti saba.

Kioo chenyewe kimo kwenye zile kamera kubwa nyeusi tulizozoea kuziona mikononi mwa wapiga picha wa magazeti na wa harusi, zinazoitwa DSLR. Nyuma ya lenzi mna kioo kilichoinamishwa nyuzi 45. Mwanga ukiingia hugonga kioo hicho, ukapanda juu, ukageuzwa tena ndipo ukamfikia mpiga picha jichoni. Akibonyeza kitufe, kioo kinaruka, mwanga unapita hadi kwenye sensa, kisha kioo kinarudi chini. Ule mlio wa "kacha, kacha" unaosikika kanisani wakati wa kuvishana pete, sehemu yake kubwa ni kioo kikipiga. Na sensa ninayoisema si ile ya kuhesabu watu. Ni kibamba kidogo ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha, kazi iliyokuwa ikifanywa zamani na mkanda wa filamu.

Kioo kikiondolewa, mwanga unakwenda moja kwa moja kwenye sensa. Unachokiona kwenye kitazamio au kwenye skrini ya nyuma kinatoka kwenye sensa yenyewe, kwa hiyo ukikosea kupima mwanga unaliona kosa kabla hujabonyeza. Lenzi nayo inaweza kusogea karibu zaidi. Kwenye DSLR za Canon nafasi kati ya mdomo wa kamera na sensa ni milimita 44, na kwenye mfumo wao mpya wa RF ni 20. Kwa Nikon ilishuka kutoka 46.5 hadi 16. Ndiyo maana kamera hizi ni nyembamba. Panasonic walifungua njia mwaka 2008 kwa Lumix G1, Sony wakaja na A7 ya sensa kubwa mwaka 2013, na mwaka 2018 Canon na Nikon nao wakaingia na EOS R na mfumo wa Z.

Lakini simu yako pia haina kioo, na hakuna anayeiita mirolesi. Lipo sharti la pili ambalo jina halilitaji: lenzi lazima ifunguke na kubadilishwa. Mirolesi ni kamera ya kubadilisha lenzi iliyoondolewa kioo. Yakikosekana mojawapo ya hayo mawili, ni kamera ya aina nyingine.

Supazumu imeshika njia yake. Lenzi imefungwa kiwandani na haitoki, na hiyo moja inaanzia upana wa kuchukua sebule nzima hadi kuvuta kitu kilicho ng'ambo ya bonde. Zipo za kuingia mfukoni, kama Canon PowerShot SX740 HS yenye gramu 299, inayovuta mara 40. Zipo zilizonenepa zikafanana umbo na DSLR, kama Nikon Coolpix P900 ya mwaka 2015 inayovuta mara 83, na P1000 ya mwaka 2018 inayovuta mara 125 na kukaribia kilo moja na nusu.

Hiyo "mara" inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni hesabu ya kugawanya tu. Lenzi hupimwa kwa milimita, na kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo inavyofika mbali. Chukua milimita za mwisho za lenzi, gawanya kwa za mwanzo: kwa P1000, 3000 kwa 24 unapata 125. Haikuambii unafika mbali kiasi gani. Lenzi ya mirolesi ya milimita 200 hadi 600 inavuta "mara 3", lakini inafika mbali kuliko lenzi ya 24 hadi 240 ambayo ni "mara 10". Nimemsikia kijana akiikataa lenzi iliyomfaa kabisa kwa sababu "inavuta mara tatu tu, simu yangu inavuta mara thelathini". Simu ikishapita hatua za mwanzo huwa haivuti tena. Inakata kipande cha katikati ya picha na kukitanua. Dukani uliza milimita, achana na mara.

Na milimita nazo zina fundo lake. Lenzi ya P1000 haina milimita 3000. Urefu wake halisi ni 539. Hiyo 3000 ni ulinganisho: inakuonyesha eneo lile lile ambalo ungeliona kwa lenzi ya milimita 3000 iliyofungwa kwenye kamera ya sensa kubwa. Inawezekanaje? Ni kwa sababu ya udogo wa sensa yake, na hapo ndipo tofauti ya kweli kati ya kamera hizi ilipo.

Sensa ya supazumu nyingi ina upana wa milimita 6.2 na kimo cha 4.6. Punje ya mahindi ni kubwa kuliko hiyo. Sensa kubwa ya mirolesi ina milimita 36 kwa 24, sawa na kipande kimoja cha ile filamu ya zamani tuliyokuwa tukiipeleka studio kusafishwa. Ukipiga hesabu ya eneo, ni milimita za mraba 28 dhidi ya 864, yaani mara 30. Katikati zipo mirolesi za sensa ya APS-C, kama milimita 23.5 kwa 15.6, na hizo ndizo nyingi katika bei za kati.

Sensa ndogo inapokea kipande kidogo tu cha katikati ya picha iliyoletwa na lenzi, kwa hiyo kitu cha mbali kinaijaza mapema. Lenzi fupi inatosha. Kama ungetaka milimita 3000 za kweli kwa sensa kubwa, kwa tundu la kupitisha mwanga la f/8 kama la P1000, yaani milimita za lenzi zikigawanywa kwa 8, kipenyo cha tundu kingekuwa sentimita 37.5. Hilo ni sinia. Kwa hiyo supazumu haikudanganyi. Imefanya mabadilishano: imechukua umbali, ikatoa mwanga. Upepo unaovuma baharini ni mmoja, lakini tanga la jahazi hukusanya usiokusanywa na tanga la ngalawa. Sensa nazo ni hivyo hivyo. Kwa tundu lile lile na muda ule ule wa kupokea mwanga, kubwa huvuna mwanga mwingi zaidi.

Mabadilishano hayo niliyaona kwa macho yangu Ngorongoro. Sakafu ya kreta ina kama kilomita za mraba 260, na gari haliruhusiwi kutoka barabarani. Kifaru akiamua kulala kilomita moja kutoka njiani, mtamtazama hapo hapo mlipo. Ilikuwa kama saa mbili asubuhi. Dereva alizima injini, akanyoosha mkono. "Dada, umeiona ile nukta nyeusi, kushoto kwa wale nyumbu wawili? Mwangalie, ametingisha sikio." Sikio lenyewe sikuliona. Nilikuwa na mirolesi na lenzi ya milimita 600, mzigo wa zaidi ya kilo mbili na nusu. Mama mmoja wa siti ya nyuma, mwalimu mstaafu, alikuwa na P1000 yake ameilaza juu ya mfuko wa mchele dirishani.

Hesabu ya asubuhi ile ni hii. Kwa umbali wa kilomita moja, milimita 600 kwenye sensa kubwa zinachukua upana wa mita 60. Kifaru wa mita tatu ni sehemu moja ya ishirini ya picha, na kwa kamera yangu yenye pikseli 6000 kwa upana, zile nukta ndogo zinazounda picha, alipata pikseli 300. Kamera ya yule mama, ikivuta hadi mwisho, ilichukua mita 12 tu. Kifaru wake alijaza robo ya picha, zaidi ya pikseli 1,100. Alinionyesha: pembe mbili, sikio, na ndege mgongoni. Wangu alikuwa kama jiwe lililovingirishwa.

Sawa, pikseli zake zote hazikubeba undani wa kweli. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika kidogo. Kwenye f/8 nukta ya mwanga inatanda kama mikromita 10 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) juu ya sensa, na pikseli moja ya kamera ile ina mikromita 1.3 tu. Nukta moja inawalowesha majirani wengi, na ukiikuza picha kwenye kompyuta unaona ulaini fulani, kama rangi iliyopakwa kwa maji mengi. Hata hivyo yeye alikuwa na kifaru, mimi nilikuwa na nukta. Tulipopita tena saa saba mchana, jua kali, ardhi ilikuwa inatoa joto na hewa inacheza kama mazigazi. Hapo kamera yake na yangu zote zilileta kifaru anayeyeyuka. Umbali mkubwa mchana wa joto hauna dawa dukani.

Siku mbili baadaye tulikuwa Seronera, Serengeti, saa kumi na mbili jioni kasorobo. Chui alikuwa juu ya mwegea, hata mita 40 hazifiki, mkia unaning'inia. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo sana. Kamera ya yule mama ilipandisha AISO (ISO), yaani kiwango cha kuukuza mwanga mdogo, na picha ikajaa chenga, zile zile tulizokuwa tukizilaani kwenye televisheni za antena. Madoa ya chui yakaungana, manyoya yakawa tope la njano. Akajaribu kushusha kasi ya kupiga ili mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi, chui akageuza shingo, ikawa ukungu. Kwenye kamera yangu, kwa AISO 6400, ungeweza kuhesabu masharubu. Tena mirolesi za miaka ya karibuni zinatambua jicho la mnyama na kulishikilia hata akisogea, wakati supazumu nyingi hupapasa kwa sekunde nzima zikitafuta pa kukaza. Kwa ndege anayeruka, sekunde hiyo ndiyo picha yenyewe.

Kisha kuna vumbi, jambo ambalo anayeishi mijini halifikirii. Uzuri wa mirolesi ni kubadilisha lenzi, lakini kila ukifungua unaiacha sensa karibu na mlango, na hakuna kioo mbele yake. Ndani ya Land Cruiser yenye paa wazi, nyuma ya magari mengine matano, ile sekunde tatu inatosha. Nilirudi nyumbani na kidoa kimoja cha kijivu juu ya kila anga niliyopiga tangu siku ya pili. Sasa nafunga lenzi moja kabla ya kutoka getini na siigusi hadi jioni. Supazumu haifunguliwi, kwa hiyo vumbi haliipati kirahisi, ingawa lenzi inayotoka na kurudi huweza kulivuta ndani taratibu, na likishaingia ni kazi ya fundi.

Bei na uzito sitavipigia maneno mengi. Lenzi ya Canon RF ya milimita 600 yenye f/4 ina zaidi ya kilo tatu na ilitoka kwa zaidi ya dola 12,000 za Marekani. Ipo pia ya milimita 800 yenye f/11, kilo moja na robo, ya bei inayoeleweka, ila f/11 inadai jua. Na ukitaka kusimama katikati, Sony RX10 IV ya mwaka 2017 ina lenzi moja isiyotoka, milimita 24 hadi 600, juu ya sensa ya milimita 13.2 kwa 8.8. Eneo lake ni mara nne ya ile sensa ndogo ya supazumu.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu anayepiga sherehe za ukumbini, watoto sebuleni au ndege wa alfajiri, namwambia achukue mirolesi, hata ya sensa ya APS-C, na lenzi moja nzuri. Anayekwenda mbugani mara moja kwa mwaka, au anayependa kuutazama mwezi na mashimo yake akiwa uani kwake, namwambia achukue supazumu na asione haya hata kidogo. Mwezi unang'aa vya kutosha, na sensa ndogo haipati shida nao.

Kabla ya kulipa, beba memori kadi yako mwenyewe dukani. Piga picha mbili kwa kila kamera. Ya kwanza simama mlangoni, vuta hadi mwisho, lenga maandishi ya bango lililo mwisho wa mtaa. Ya pili geuka ndani, lenga kona yenye giza nyuma ya kabati, bila flashi. Nenda nazo nyumbani, zifungue kwenye kompyuta, zikuze hadi pikseli zionekane. Ukiisoma namba ya simu kwenye bango na ukaikuta ile kona imejaa chenga, umeshaijua kamera uliyoishika.