Matetemeko madogo hayazuii kubwa

Wengi wetu tumesikia kwamba matetemeko madogo ni neema: eti yanaipunguzia ardhi mzigo kidogo kidogo, hivyo kubwa halitakuja. Si kweli, na imani hii inanitia wasiwasi kwa sababu huwafanya watu wajisahau.

Tarehe 9 Machi 2011, bahari ya kaskazini-mashariki mwa Japani ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.3. Siku mbili baadaye, karibu na hapo hapo, likapiga la 9.0. Ukubwa ukipanda namba moja, nishati huongezeka takriban mara 32, kwa hiyo hilo la pili lilizidi la kwanza zaidi ya mara 300. Ili matetemeko ya ukubwa wa 5 yamalize nishati ya moja la 9, yangehitajika milioni nzima!

Chini ya bahari hiyo, bamba la Pasifiki (kipande kikubwa cha tabaka gumu la nje la dunia) huzama chini ya Japani karibu sentimita 8 kila mwaka. Pale bamba hilo na lile lililo juu yake yanapong'ang'aniana, mkazo hulimbikizana kwa karne nyingi. Wanasayansi hukadiria uwezekano wa tetemeko kwa miongo ijayo. Siku na saa hawawezi kuzitaja.

Ndiyo maana maandalizi hayasubiri tarehe. Katika kijiji cha Aneyoshi, mjini Miyako, Japani, lipo jiwe lililosimikwa baada ya tsunami ya 1933, limechongwa onyo: msijenge nyumba chini ya hapa. Wanakijiji walitii. Mwaka 2011 maji yalipanda bondeni, yakaishia chini ya jiwe lile, na nyumba zilizo juu yake hazikuguswa.