Ganda la ndege likipasuka angani, mwili hupatwa na nini?

Swali: Kwa nini abiria hupumua bila taabu akiwa futi 35,000 juu?

Hewa ya huko juu ina oksijeni ya asilimia 21, sawa na ya ufukweni. Kinachopungua ni shinikizo linaloisukuma oksijeni hiyo kutoka mapafuni hadi kwenye damu, ambalo katika kimo hicho hubaki takriban robo ya lile la usawa wa bahari. Kwa hiyo mitambo huijaza ndege hewa, abiria akawa kana kwamba ameketi kwenye mlima wa futi 6,000 hadi 8,000. Hewa hiyo hulisukuma ganda la ndege kutoka ndani kwa nguvu inayofikia uzito wa tani tano hivi kwa kila mita ya mraba, kisha ndege ikitua nguvu hiyo huondoka, na safari inayofuata hurudi tena.

Swali: Ganda hupasukaje?

Tarehe 28 Aprili 1988, ndege ya Aloha Airlines aina ya Boeing 737 ilikuwa ikitoka Hilo kwenda Honolulu, katika visiwa vya Hawaii. Ilikwisha kuruka zaidi ya mara 89,000, na hewa ya chumvi ya bahari ilikuwa imekula maungio ya mabati yake huku nyufa ndogo zikiota kwenye matundu ya ribiti, yaani vipini vya chuma vinavyoshikanisha mabati. Ilipofika futi 24,000, kimo kinachopita kilele cha Kilimanjaro kwa mita 1,400 hivi, paa lenye urefu wa futi 18 lilinyofoka. Abiria mmoja alikuwa ameuona ufa karibu na mlango alipokuwa akipanda, akanyamaza. Na ni wangapi kati yetu wangethubutu kumwambia mhudumu kwamba ndege yake ina ufa?

Swali: Mwili huhisi nini wakati huo?

Kwanza husikika mshindo, kisha upepo mkali, na mara nyingi ukungu hutanda kwa kuwa unyevu wa hewa hupoa ghafla. Ukungu huo si moshi. Baridi katika kimo kile hufikia takriban nyuzi 33 chini ya sifuri. Hewa iliyo tumboni na masikioni hutanuka, na iliyo mapafuni ni lazima iachwe itoke, kwa hiyo usizuie pumzi hata kidogo.

Swali: Mtu ana muda gani kabla ya kuzidiwa?

Katika futi 25,000 mtu hubaki na dakika 3 hadi 5 za kufikiri sawasawa. Katika futi 35,000 ni sekunde 30 hadi 60. Shinikizo likiondoka ghafla, muda huo unaweza kupungua hadi nusu. Hapo ndipo wasafiri wengi hukosea, wakidhani kwamba ukosefu wa oksijeni utawabana kifua na kuwapa onyo, ilhali mara nyingi mtu hujihisi mchangamfu, akacheka ovyo, huku midomo ikigeuka bluu na vidole vikishindwa kufunga kifungo. Mzazi anayeanza kumvika mtoto barakoa ya oksijeni anaweza kupoteza fahamu kabla hajamaliza, wakaumia wote wawili. Avae yake kwanza. Mfuko wa barakoa usipovimba, usiivue, kwani oksijeni inaweza kuwa inapita vizuri.

Katika ndege ile ya Hawaii bomba la oksijeni ya abiria lilikatika. Kilichowaokoa ni marubani walioishusha kwa kasi iliyofikia futi 4,100 kwa dakika kuelekea futi 10,000, ambako mtu hupumua bila msaada, wakatua kisiwani Maui dakika 13 hivi baada ya paa kung'oka. Watu 65 walijeruhiwa. Aliyefariki ni mhudumu mmoja, ambaye alikuwa amesimama; abiria walikuwa wamefunga mikanda, na kwa maoni yangu mkanda wa kiti unastahili kuhesabiwa pamoja na vifaa vya afya.

Swali: Nani amwone daktari baada ya kutua?

Mwenye maumivu ya sikio yasiyoisha au usikivu uliopungua, na mara moja yule anayeumwa viungo, anayehisi ganzi au aliyechanganyikiwa, kwa sababu naitrojeni iliyo katika damu huweza kufanya mapovu shinikizo linaposhuka. Aliyepiga mbizi kwa mtungi wa hewa siku hiyo au iliyotangulia amweleze daktari hilo kabla hajaulizwa.