Kwa Nini Umesoma Mara Tano na Bado Hukumbuki

Mwombe mwenzako akusomee namba ya malipo ya serikali, ile yenye tarakimu 12, mojamoja kwa mwendo wa sekunde moja kila tarakimu, bila kurudia. Kisha iandike. Wengi hubaki na tarakimu za mwanzo na moja au mbili za mwisho. Za katikati hazionekani. Sasa akusomee namba nyingine kwa mafungu manne ya tarakimu tatutatu, kama mawakala wengi wa pesa wanavyozisoma dirishani. Mara nyingi utapata nyingi zaidi, ingawa urefu wa namba ni uleule.

Hapo umegusa kumbukumbu ya muda mfupi, sehemu ya akili inayoshika kile unachokishughulikia sasa hivi. Ni finyu mno. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alikadiria kuwa inabeba vitu 7, ukiongeza au kupunguza 2. Mwaka 2001 Nelson Cowan alionyesha kwamba mtu akizuiwa kurudiarudia kimoyomoyo na kupanga mafungu, hubaki na vitu kama 4 tu. Kinachohesabiwa ni fungu, si tarakimu. Anayejua kuwa 1961 ni mwaka wa uhuru wa Tanganyika anazibeba tarakimu nne kama kitu kimoja. Ndiyo maana mwanafunzi wa kemia ambaye bado anahangaika na valensi, yaani uwezo wa elementi kuungana na nyingine, hapati hesabu ya moli ubaoni hata mwalimu aeleze vizuri namna gani: nafasi zote zimeshajaa vitu vidogo ambavyo mwenzake anavitoa kichwani bila kufikiri.

Uwezo huo mdogo pia haudumu. Mwaka 1959 Lloyd na Margaret Peterson waliwapa watu konsonanti tatu tu wazishike, huku wakihesabu kurudi nyuma kwa kuruka tatutatu ili wasipate nafasi ya kuzirudia. Baada ya sekunde 18, walizikumbuka sawasawa takriban mara moja tu kati ya kumi.

Mwaka 1974 Alan Baddeley na Graham Hitch wa Uingereza walikwenda mbali zaidi. Walisema sehemu hii si ghala la kupitishia vitu tu, ni mahali pa kufanyia kazi, na ndani yake sauti na picha zina njia tofauti. Hili lina faida ya moja kwa moja kwako. Muziki wenye maneno unagombania njia ileile ya sauti unayotumia kusoma aya, lakini mchoro wa moyo wa binadamu na maelezo ya mdomo vinaweza kwenda pamoja bila kugongana.

Kutoka hapo kwenda kumbukumbu ya muda mrefu

Ushahidi mzito kwamba kumbukumbu si kitu kimoja ulitoka kwa mgonjwa mmoja, Henry Molaison, aliyejulikana katika vitabu kwa herufi H.M. hadi alipofariki mwaka 2008. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alifanyiwa upasuaji huko Hartford, Marekani, kutibu kifafa kikali. Daktari aliondoa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuhifadhi kumbukumbu mpya, pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya. Angeweza kuzungumza nawe vizuri, ukitoka na kurudi baada ya muda mfupi akakupokea kama mgeni.

Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku akiitazama kwenye kioo tu. Kwa siku tatu makosa yake yalipungua vizuri, na kila siku alisema hajawahi kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo kujua jambo na kujua kufanya jambo huhifadhiwa kwa njia tofauti. Unaweza kueleza hatua zote za kutofautisha (differentiation) katika kalkulasi na bado ukashindwa kutofautisha, kwa sababu ustadi hauingii kwa kusikiliza.

Kinachoamua kama jambo litavuka kutoka muda mfupi kwenda muda mrefu si idadi ya mara ulizolitazama, ni ulichokifanya nalo. Fergus Craik na Endel Tulving walionyesha mwaka 1975 kwamba watu waliofikiria maana ya neno walilikumbuka kuliko waliofikiria sauti yake, na hao walilikumbuka kuliko waliotazama herufi tu. Kwa shule zetu zinazofundisha kwa Kiingereza hapa pana tatizo ambalo halisemwi vya kutosha. Mwanafunzi anayekariri sentensi nzima ambayo haielewi anaihifadhi kwa sauti, yaani kwa kiwango cha chini. Akibadilishiwa swali kidogo tu, hana pa kushika. Jielezee kwanza kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote unayoitumia kugombana na ndugu zako, kisha ndipo uandike kwa lugha ya mtihani.

Kusahau hakuendi kwa mwendo mmoja

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Alipima hivi: anajifunza orodha mpaka aijue, anasubiri, kisha anajifunza upya na kuangalia ameokoa kiasi gani cha muda. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58. Baada ya siku moja, asilimia 34. Baada ya siku 31, bado asilimia 21. Takwimu hizi hunukuliwa ovyo, eti mtu husahau theluthi mbili ya kila alichosoma ndani ya siku moja. Sivyo. Zilikuwa silabi tupu, za mtu mmoja, na alipima muda uliookolewa. Somo lenye maana hushika zaidi. Kinachobaki kweli ni umbo la mteremko: unaanguka haraka saa za mwanzo, kisha unatulia. Na hata unapodhani umesahau kabisa, kujifunza upya huchukua muda mfupi zaidi.

Mara nyingi kinachosahaulisha ni mambo kugongana. Mitosisi na meiosisi, aina mbili za mgawanyiko wa seli, zinafanana majina, hatua na hata michoro, hivyo ya leo huifuta ya jana au ya jana huivamia ya leo. Kuzisoma kila moja peke yake, wiki tofauti, hakusaidii sana. Ziweke ubavu kwa ubavu na uandike zinapotofautiana: idadi ya migawanyiko, idadi ya seli zinazopatikana, idadi ya kromosomu.

Funga daftari

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuandika lililokumbuka bila kukiangalia. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Huo ndio mtego. Kila unaporudia ukurasa, macho yanapita kwa wepesi, na akili inaupokea wepesi huo kama ujuzi. Kutambua ulichokiona si kukitoa kichwani, na mtihani wa maelezo unadai kutoa.

Ifanye hivi. Soma mada ndogo kwa dakika 25 hadi 30. Funga daftari na uliweke mbali na meza, maana likiwa karibu utachungulia. Chukua karatasi tupu, uandike kwa dakika 10 kila unachokumbuka, kwa maneno yako, na mchoro kama upo. Ukikwama, vumilia dakika moja au mbili kabla ya kufungua. Juhudi ile ya kutafuta ndiyo inayoimarisha. Kisha fungua na usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine, ukiongeza ulichoacha na kukata ulichokosea. Sehemu zenye rangi ndizo za kusoma tena, si sura nzima. Rudia kesho yake, kisha baada ya siku tatu, wiki moja na wiki tatu, na kila mara anza na karatasi tupu. Vipindi hivi si sheria. Cha lazima ni viachane, na uwe umeshaanza kusahau kidogo.

Usahihishaji usirukwe. Kila unapokumbuka, akili inajenga upya, haichomoi picha iliyohifadhiwa, na inaweza kujenga vibaya. Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha watu filamu ya ajali ya magari mwaka 1974. Walioulizwa kasi ya magari "yalipobamizana" walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa "yalipogusana". Katika jaribio la pili, wiki moja baadaye, 16 kati ya 50 walioulizwa kwa neno zito walisema waliona vioo vilivyovunjika, ilhali filamu haikuwa na vioo vilivyovunjika. Kosa unaloliandika mara tatu bila kulisahihisha linakomaa vivyo hivyo.

Makundi ya majadiliano nayo hupotea njia kirahisi. Mmoja anaeleza, tisa wanatikisa kichwa, na anayefaidika zaidi ni yule mmoja. Gawaneni vipengele, kila mtu aeleze chake bila daftari, wengine washike daftari na kumsahihisha.

Usiku na chumba cha mtihani

Kukesha kunaweza kukuvusha kwenye pepa la asubuhi ileile, na haina maana kukataa hilo. Gharama yake huja baadaye, kwa sababu kumbukumbu mpya huimarishwa usingizini, hasa usingizi mzito. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanashauriwa kulala saa 8 hadi 10. Bweni linalozima taa saa tano usiku na kuwaamsha wanafunzi saa kumi alfajiri linawapa saa tano, na ratiba ya namna hiyo inabomoa usiku kilichojengwa mchana.

Ukiingia kwenye mtihani na kichwa kikawa kama hakina kitu, jua kwamba msongo huzuia kwa muda kukitoa kilichomo, haujakifuta. Usikodolee macho swali lilelile. Weka alama, nenda swali jingine, na ukirudi anza na kilicho karibu nalo: mada iliyotangulia, mchoro wa ukurasa ule, mfano alioutoa mwalimu. Andika hata neno moja pembeni, maana neno moja linaweza kulivuta la pili. Dakika tano zikipita bila kitu, endelea na maswali mengine na ulirudie mwishoni.