Mwandani si mfuasi, na kuzama si kufa maji

Kuzama, kwa maana inayotumika kwenye magemu ya uhusika ya kompyuta, yale ambayo mchezaji hushika nafasi ya mhusika ndani ya hadithi, ni hali ya mchezaji kuamua mambo kwa mantiki ya dunia ya gemu, si kwa mantiki ya mashine inayoiendesha. Mwandani ni mhusika anayesafiri pamoja na mchezaji, akiwa na haja zake, miiko yake na mambo asiyoyataka. Mwandani anayeaminika ndiye anayemsaidia mchezaji kubaki ndani, na asiyeaminika ndiye anayemtoa. Maana yenyewe ndiyo hiyo. Kazi iko kwenye matumizi.

Kwani siku hizi mtu akinunua kadi mpya ya picha, kile kifaa cha kompyuta kinachochora picha za skrini, akawasha gemu na kuona mawimbi yanang'ara, husema papo hapo: "Hili linazamisha, bwana!" Na kila anayemfuata mchezaji nyuma na upanga mkononi, keshapewa jina la mwandani. Maneno mawili mazuri yanatumika kama kanga za kufutia meza.

Tuanze na hilo la kwanza. Kitenzi ni kimoja, watoto wake wana tabia tofauti. Jua huzama. Chombo huzama, na visiwani hapa neno hilo halitamkwi kwa wepesi tangu Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Anayezama hivyo hakutaka wala hakuchagua. Kisha kuna kuzamia. Mzamiaji wa pweza huvuta pumzi juu, hushuka na mkuki wake, na muda wote anajua pumzi yake inafika wapi na uso wa maji uko upande gani. Akisahau hayo mawili hatufai tena kwa mfano huu. Mwisho kuna kuzamisha, na hapo lazima awepo mzamishaji na mzamishwa. Ukisema gemu limekuzamisha, umejigeuza jahazi.

Linalotakiwa hapa liko karibu zaidi na kuzamia. Kwa bahati mbaya mazoea yameshalichagua kuzama, na sitapigana na mazoea. Ninachoomba ni kwamba anayelitumia awe na picha ya mzamiaji kichwani, si picha ya chombo kilichotoboka. Hata neno la Kiingereza tulilolitafsiri, immersion, limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini, mergere, ambacho ni kutosa, kuchovya. Kaimati hutoswa kwenye shira na kutoka imeivaa, lakini imebaki kaimati. Mtaalamu Janet Murray, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1997, alikiri kwamba ni sitiari ya maji, akaongeza jambo ambalo wauza magemu hawalirudii: mahali ambapo mtu anashiriki badala ya kutazama tu, kuzama maana yake ni kujifunza kuogelea.

Kosa la kudhani kwamba raha ya gemu inatokana na macho kudanganywa, na kwamba kadiri udanganyifu unavyokamilika ndivyo raha inavyoongezeka, lina jina lake katika taaluma. Katie Salen na Eric Zimmerman, wabunifu wa magemu, walilipa jina mwaka 2003: hadaa ya kuzama. Sisi tulikuwa na jibu lake kabla ya kompyuta. Msimuliaji husema "Paukwa!" na watoto hujibu "Pakawa!" Hakuna mtoto anayejibu hivyo akiamini kwamba sungura anaongea. Amejibu kwa kuwa amekubali. Tangu hapo sungura ataongea mpaka hadithi iishe, na ole wake msimuliaji atakayesahau kwamba jana sungura huyo alikatwa mkia. Watoto hawatalalamika kwamba sungura haongei duniani. Watalalamika kuhusu mkia.

Kwa hiyo kuna kukatizwa na kuna kuibushwa, na haya nayo huchanganywa. Umeme ukikatika, adhana ya Magharibi ikilia, mtu akitumwa dukani, amekatizwa. Akirudi hushuka palepale alipokuwa, ikiwa alikumbuka kusevu. Kuibushwa ni pale gemu lenyewe linapovunja makubaliano: mkia umeota tena. Na kati ya vyote vilivyomo ndani ya gemu la uhusika, mwandani ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuvunja, kwa sababu yuko kila mahali na anaongea. Mti ukikosewa utatazamwa nusu dakika. Mwandani aliyekosewa utakaa naye saa sitini.

Sasa neno mwandani. Masikioni linaitika pande mbili. Upande mmoja kuna kuandama: mwezi ukiandama watu wanajua kesho ni mfungo au sikukuu, umekuja kwa zamu yake, haukuitwa na mtu. Upande mwingine kuna ndani: mwandani ni msiri, mtu wa chumbani, na washairi wamelitumia hivyo kwa mpenzi mpaka likachakaa kidogo. Uzuri wake uko hapo, kwamba linabeba safari na siri kwa pamoja. Mfuasi hana siri. Wenzetu wa Kilatini walipita njia nyingine kabisa, wakaunganisha "pamoja" na "mkate", na humo ndimo lilimotoka companion la Kiingereza: mwenza wa safari ni yule mnayekula naye. Kwetu tungesema wa sinia moja.

Na ajabu ni kwamba magemu yaliyoandikwa vizuri yanalichukulia hilo la sinia kama lilivyo. Kwenye Baldur's Gate 3 (2023), usiku mmoja wa mapumziko kamili kambini hula vipimo 40 vya chakula kwa ugumu wa kawaida, na 80 kwa ugumu wa juu zaidi uitwao Tactician. Mazungumzo mengi mazito ya wandani yamewekwa usiku huohuo. Mchezaji bahili, anayelimbikiza vyakula na kupigana siku nzima bila kulala, hujikuta wandani wake ni mabubu, kisha analaumu waandishi. Kumbe mazungumzo yalikuwa yamepanga foleni, na mengine hupotea kabisa akivuka kwenda sehemu inayofuata ya hadithi. Dawa yake ni kupiga kambi mara kwa mara hata kama hakuna aliyejeruhiwa, na kuzungumza na kila mmoja kabla ya kulala.

Mwenza huyo wa sinia ndiye mwandani. Lydia wa Skyrim (2011), ambaye mashabiki wanampenda na mimi sina ugomvi naye, ni hamali mwenye upanga. Anabeba mizigo na kuzuia milango, kwa maana ya kupigana mlangoni na pia kwa maana ya kusimama katikati ya mlango usipite. Nisiwaonee mahamali, maana hamali wa bandarini Malindi hujadili bei na akiona mzigo si wake huondoka. Lydia haondoki kwa lolote unalowatendea wengine. Ukimtumia kama mfuasi atakufaa sana. Kosa ni kumtarajia awe mwandani, kisha kusema magemu hayawezi kuzamisha.

Kipimo changu ni kimoja: je, anaweza kukataa? Wasteland ya mwaka 1988 ilikuwa na maandishi mengi kuliko picha, lakini watu uliowachukua njiani waliweza kugoma ukiwaambia watoe silaha yao. Baldur's Gate ya kwanza (1998) ilimpa mchezaji kundi la watu sita, akiwemo yeye mwenyewe, na ndani yake Khalid na Jaheira, mume na mke. Ukimfukuza mmoja, wa pili anaondoka naye. Kwa fundi hilo ni sharti dogo sana la programu. Kwa mchezaji ni ndoa. Linganisha na Ian, msafiri mwenza wa Fallout (1997), maarufu kwa kumiminia risasi mgongo wa mchezaji. Hakuwa na chuki. Hesabu ya risasi mfululizo ilimpiga yeyote aliyesimama kwenye mstari, na yeye hakufundishwa kuangalia nani kasimama. Hiyo ni mashine iliyochungulia kutoka nyuma ya pazia.

Hapa ndipo penye ubishi na wale wanaodhani dawa ni kipimo cha ridhaa, ule mstari unaopanda na kushuka kadiri mwandani anavyopendezwa au kuchukizwa na mchezaji. Dragon Age: Origins (2009) iliuweka kuanzia −100 hadi 100, na zawadi ziliuongeza. Matokeo yake ni kwamba mtu anafanya ubaya mchana, jioni anatoa mkufu, na mambo yanakuwa sawa. Urafiki umekuwa duka. Waandishi wenyewe walijua, ndiyo maana penye uzito waliuruka mstari huo: ukimwacha hai adui Loghain na kumwingiza kundini, mwandani Alistair anaondoka, hata kama jana mstari wake ulikuwa umejaa. Hakuna mkufu utakaomrudisha. Vivyo hivyo kwenye Baldur's Gate 3, ukishiriki kuwachinja watu wa msituni, wandani Wyll na Karlach hawabaki. Sehemu hizo mbili zinakumbukwa kuliko zawadi zote.

Na kipimo chaweza kuwepo bila kuonyeshwa. Luteni Kim Kitsuragi, polisi anayeandamana na mchezaji kwenye Disco Elysium (2019), hana mstari kwenye skrini. Ana daftari, ana miwani, na anavuta sigara moja tu kwa siku, jioni. Hiyo moja inafanya kazi kuliko kurasa za wasifu: unajua ni mtu wa kujizuia, unajua ana tamaa anayoizuia, na baada ya siku mbili unaanza kujichunga mbele yake bila mtu kukuambia. Anaposema jambo lako halikumpendeza, husema kwa nusu sentensi.

Kwa wanaojaribu kutengeneza magemu yao wenyewe, na vijana wa aina hiyo wapo Unguja na Pemba, ugonjwa mkubwa hauko kwenye picha. Uko kwenye masharti ya maneno. Kila kauli ya mwandani inayohusu tukio inahitaji maswali matatu kabla haijatoka: tukio limetokea? Yeye alikuwepo? Ameshalisema? Wengi huweka la kwanza tu. Wakisahau la pili, mwandani anasimulia vita alivyovikosa kwa kuwa alibaki kambini, na anaonekana mchawi. Wakisahau la tatu, analia msiba uleule kila mnapopita darajani. Lipo na la nne, ambalo ni la uandishi zaidi kuliko programu: baada ya kulijua, ni kitu gani hatakifanya tena kama zamani?

Tuseme mwandani wako ni Faki, mvuvi wa kisiwa cha Kojani, na ndani ya hadithi mchezaji ameuza ngarawa aliyoachiwa Faki na baba yake, ili apate fedha za silaha. Gemu baya litamfanya Faki aseme, kwa kuwa kauli zake za asubuhi zinazunguka tu: "Upepo mzuri leo." Gemu la wastani litapunguza alama kumi na kumpa hotuba: umenisaliti, nilikuamini, na kadhalika. Mwandishi anayemjua Faki hatampa neno siku hiyo. Atamwacha aendelee kushona nyavu. Siku ya tatu mchezaji akimwita, "Faki, twende baharini," atauliza bila kuinua uso: "Kwa chombo gani?"

Kauli moja, masharti matatu, wala haikuhitaji kadi mpya ya picha. Mchezaji aliyeiuza ile ngarawa kwa mantiki ya mashine, kwamba ni kitu chenye bei, sasa analazimika kuifikiria kwa mantiki ya Kojani. Huko ndiko kuzama, na kama unavyoona, mwenyewe hajasahau hata dakika moja kwamba ameshika kipanya.

Basi bahari ya gemu iking'ara, semeni bahari inang'ara. Ni sifa kubwa na mafundi wameitolea jasho. Mtu akikufuata na kukubebea, mwite mfuasi, hatakasirika. Mwandani tumwachie yule ambaye kabla hujaiuza ngarawa ya baba yake, unageuka kwanza kuangalia kama yuko karibu.