Firigogo na maji ya watoto

Nimeongoza watalii hifadhi ya Ruaha miaka kumi na minne. Wageni huulizia simba. Mimi, tangu nilipopata mtoto, namtafuta firigogo.

Ni ndege wa ukubwa wa njiwa, rangi ya vumbi. Mayai, kwa kawaida matatu, hutagwa chini kwenye kishimo kitupu. Mchana huatamia jike, usiku dume. Vifaranga hawakawii: saa chache baada ya kuanguliwa wanatembea na kudonoa mbegu wenyewe. Ila mbegu ni kavu, na maji yanaweza kuwa kilomita nyingi. Hapo ndipo baba anapoingia. Anashuka mtoni, anazamisha tumbo, anajitikisa-tikisa. Manyoya yake ya tumboni yana nyuzi zilizojisokota; zikilowa zinafumuka na kushika maji kama sifongo. Anaruka nayo, mengine yakikaukia njiani. Akifika anasimama wima, wanawe wanajipenyeza chini yake na kuyanyonya kwenye manyoya.

Mwingereza Meade-Waldo aliyaona hayo kwa ndege aliowafuga, akayaandika mwaka 1896. Wengi hawakumsadiki, mpaka watafiti Cade na Maclean walipochapisha mwaka 1967 uthibitisho wao wa jangwani Kalahari.

Kwangu mimi ubaba ulikuwa kutuma pesa. Msimu ukianza Juni, Iringa nilikuwa sionekani. Ada imelipwa, viatu vimenunuliwa, nahesabu nimemaliza. Usiku mmoja mwanangu akaniuliza kwenye simu, "Baba, huko kwako kukoje?" Ana miaka tisa, na hakuwahi kupaona mahali panapomlisha. Firigogo hana wa kumtuma. Maji yanafika kwa sababu yeye mwenyewe amefika.

Likizo ya Juni iliyofuata nikamchukua. Asubuhi tukaegesha gari kando ya Mwagusi, mto wa mchanga, juu ya kidimbwi kilichobaki. Nikazima injini. Jua lilipopanda kidogo wakaanza kutua, wawili, watano, kisha kundi zima. Wakanywa haraka, wakaondoka. Dume mmoja akabaki, kalalia maji.

"Mbona yule haendi?" akaninong'oneza.

"Ana watoto."

Akanyamaza. Mkono wake ulikuwa kwenye goti langu, na kila yule ndege alipojitikisa vidole vilikaza. Aliporuka, matone yalimdondoka tumboni; tukamfuata kwa macho hadi akapotelea vichakani.

"Yatatosha?"

Nikamwambia huwa anarudi tena. Hakuniomba tuondoke, nami sikuwasha gari.