Imekua, imekuwa, au imenunua tu?

Juzi tena kwenye kundi letu la hisa mtu kaandika "hii kampuni ya viwanja vya mbio za magari kule Marekani imekuwa sana, ilianza na kiwanja kimoja sasa inavyo 11". Mwezi uliopita mwingine aliandika hivyohivyo kuhusu maduka ya dawa, nikanyamaza. Leo sinyamazi. Hiyo sentensi ina makosa mawili, moja la herufi na moja la hesabu, na nakiri mapema kabisa kwamba la herufi ndo linanikera zaidi.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Ukuaji wa kampuni ni pale biashara ileile iliyokuwepo mwaka jana inapoingiza zaidi mwaka huu, wateja wameongezeka au kila mteja anaacha hela zaidi. Kampuni ikinunua biashara ya mtu mwingine mapato yanapanda pia, ila watu wa mahesabu huo wanauweka pembeni, wanatoa kwanza vilivyonunuliwa halafu wanalinganisha vilevile vya zamani. Basi.

Sasa herufi. Kuna kuwa na kuna kukua. Kwenye kuwa mzizi ni -wa tu, kafupi mno, ndo maana kanabeba ile ku- kwenye nyakati kama hizi: imekuwa, itakuwa, inakuwa. Kwenye kukua ile ku ya pili ni mzizi wenyewe, -kua, ndugu wa -kuu tunayoisema kwenye mkuu na ukuu, yaani mtu aliyefika ukubwani. Ukitaka kujua unamaanisha lipi kanusha tu: haijawa, haijakua. Kwahiyo aliyeandika "kampuni imekuwa sana" ameniacha njiani, imekuwa sana nini? Imekuwa mbaya? Imekuwa mali ya nani?

Na kuna jambo jingine ndani ya -kua ambalo watu hawalioni kwa sababu tumelizoea. Kukua kunatoka ndani. Mtoto anakua, mahindi yanakua, wewe unaweza kukuza kwa maana ya kulisha na kupalilia lakini kazi ya kurefuka anaifanya mwenyewe. Kupanuka ni habari tofauti, limetoka kwenye -pana, ni upana, kitu kinashika eneo kubwa zaidi hata kama unene umebaki palepale. Kuongezeka ni idadi. Lugha imeshatugawia maneno matatu bure kabisa na sisi tunalitumia moja tu, tena kwa tahajia ya neno la nne. Ukinunua ng'ombe watano wa jirani zizi lako limejaa, sawa, lakini hakuna aliyezaa.

Turudi kwenye viwanja maana mfano aliouchagua mwenzetu ni mtamu kuliko anavyojua. Kampuni anayoisema ni Speedway Motorsports, ya marehemu Bruton Smith. Kiwanja cha Charlotte, North Carolina, alikijenga na dereva Curtis Turner, kikafunguliwa 1960, madeni yakawafikisha mahakamani 1961, Smith akatoka, akaja kurudi kushika usukani 1975. Mwaka 1990 akanunua kiwanja cha Atlanta. Mwaka 1995 akaipeleka kampuni soko la hisa la New York, na hapo hela ikapatikana: Bristol mwaka 1996 kwa dola milioni 26, mwaka huohuo Sears Point kule California, Texas akajenga mwenyewe kikafunguliwa 1997, Las Vegas 1998 kwa dola milioni 215, baadaye New Hampshire kwa dola milioni 340, Kentucky, na mwisho wa 2021 wakaichukua kampuni nzima ya viwanja ya Dover pamoja na kiwanja chake cha Nashville.

Ukiyasoma hivyo haraka unasema hii kitu imekua. Subiri kwanza.

Kiwanja cha mbio hakiuzi lami. Kinauza tarehe. NASCAR, wasimamizi wa hizi mbio za magari Marekani, ndo inapanga kalenda, na tangu 2001 mbio za pointi (zinazohesabiwa kwenye ubingwa) za ligi yake kubwa ni 36 kwa mwaka, wikiendi ni zilezile na hakuna anayeweza kuzaa nyingine. Mwenye tarehe anauza tiketi, na kwa miaka mingi asilimia 65 ya hela za tivii zilikuwa zinakwenda kwa wenye viwanja, asiye na tarehe ana shamba la lami tu. Kwahiyo mtu akipata mbio mpya ujue kuna mahali mbio zimeondoka, lazima.

North Wilkesboro ni kiwanja kidogo cha milimani hukohuko North Carolina, kimekimbiza magari tangu 1947. Smith alinunua nusu, nusu nyingine akaichukua Bob Bahre mwenye kiwanja cha New Hampshire. Kilikuwa na mbio mbili kwa mwaka, wakagawana, moja ikaenda Texas na nyingine New Hampshire. Mbio za mwisho zilikuwa Septemba 1996, baada ya hapo majukwaa yakaota majani, mpaka 2023 ndo mbio za nyota wa NASCAR zikarudishwa pale. Kwenye ripoti huo ulikuwa mwaka mzuri sana wa "ukuaji".

Ile ya Rockingham, kiwanja kingine cha North Carolina, ndo inanimaliza. Mwanahisa mmoja wa Speedway Motorsports aliishtaki NASCAR akidai Texas iliahidiwa mbio ya pili ikanyimwa. Mwaka 2004 wakayamaliza nje ya mahakama: kampuni ikanunua Rockingham kwa dola zaidi ya milioni 100, mbio ya Rockingham ikahamia Texas, kiwanja kikafungiwa. Miaka mitatu baadaye wakakiuza mnadani kwa dola milioni 4.4. Hesabu tofauti yake mwenyewe, hiyo ndo bei ya tarehe moja kwenye kalenda, lami na majukwaa na vyoo vyote vilikuwa nyongeza.

Kentucky nayo walipoinunua 2008 haikuwa na mbio ya ligi kubwa, wakaipa moja 2011. Ilitoka wapi? Atlanta, kiwanja chao wenyewe! Wametoa mfuko wa kulia wakaweka wa kushoto. Ilipofika 2021 wakairudisha Atlanta, na Kentucky mwaka huo ikawa maegesho ya pikapu mpya za Ford zilizokuwa zinasubiri chip za kompyuta. Las Vegas ilipata mbio ya pili 2018, imetoka New Hampshire, ya kwao tena.

Sisemi kwamba hawajawahi kukua, hapana, huo ungekuwa uonevu. Bristol walikikuta na viti kama 71,000, wakajenga na kujenga mpaka mwaka 2000 vikapita 140,000, na vilikuwa vinajaa, watu walikuwa wanasubiri kwenye orodha. Kiwanja kilekile, mbio zilezile mbili kwa mwaka, watazamaji mara mbili. Huko ndo kukua, na hakuna kiwanja cha mtu kilichofungwa ili kitokee. Cha ajabu watu wakisimulia habari ya kampuni hii Bristol wanaitaja kwa ile bei ya kununulia tu. Halafu watazamaji walipoanza kupungua Charlotte ikaja kung'oa majukwaa ya upande wa nyuma, viti maelfu kwa maelfu, huku idadi ya viwanja kwenye karatasi ikiwa haijapungua hata kimoja. Kampuni inaweza kupanuka na kusinyaa kwa pamoja, nguo pana mwili mwembamba.

Na kwa vile ni kundi la hisa niongeze na hili: hizo hisa hazinunuliki. Mwaka 2019 familia ya Smith ilizinunua zote zilizokuwa mikononi mwa wengine kwa dola 19.75 kila moja ikaiondoa kampuni sokoni, na mwaka huohuo NASCAR nayo ikaimeza International Speedway, kampuni ya viwanja ya familia ya kina France, ileile inayomiliki NASCAR. Waliobaki na karibu viwanja vyote vikubwa ni familia mbili.

Kwahiyo ndugu yangu, bila ugomvi, ile meseji yako naomba uiandike "imepanuka". Ukitaja Bristol ya miaka ile andika "imekua", sitakugusa. Na kama imekushinda kuchagua, basi toa hiyo w tu, mengine tutaelewana.